Udongo Uliobebwa Kichwani: Historia ya Kibanja cha Ukoo Kando ya Ziwa Victoria

Kibanja cha babu yangu kiko juu ya mgongo wa mlima unaotazama Ziwa Victoria, kusini kidogo ya mji wa Bukoba. Upande wa mashariki kimepakana na rweya, ile mbuga ya nyasi inayoteremka mpaka kwenye majabali ya ziwa, na mpaka wenyewe ni mstari wa mulamula, mimea ya majani marefu ambayo Wahaya huipanda kuonyesha ardhi ya mtu inapoishia. Ukivuka mulamula hatua tano unatoka kwenye kivuli cha migomba na kuingia juani. Piga jembe pale rweyani: linagonga changarawe, na udongo unaotoka ni mwekundu, mkavu, hauna harufu. Rudi ndani ya kibanja upige tena: jembe linazama, na kinachotoka ni cheusi, kina unyevu, kina minyoo na vipande vya majani yaliyooza nusu. Mvua ya pande zote mbili ni moja, jua ni moja, na mwamba ulio chini ni mmoja.

Tofauti hiyo ililetwa na watu. Ilibebwa kichwani, kwa vikapu na kwa matita ya nyasi, tangu enzi ambazo ukoo wetu hauwezi tena kuzihesabu kwa majina. Mgeni akiona Bukoba ilivyo kijani hudhani ni nchi iliyojaliwa rutuba. Si kweli. Mvua ya huku kando ya ziwa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa udongo wa mlimani mvua hiyo ni kama mchele ulioshwa mara ishirini: kila chenye nguvu kimeshuka na maji. Kinachoitwa kibanja ni kazi ya mikono iliyogeuka kuwa ardhi. Na kazi hiyo haina siku ya kwisha, kwa sababu kibanja kinakula. Kisipolishwa, mizizi ya migomba inajitokeza juu, upepo unaiangusha, na baada ya miaka mahali pale panakuwa kikamba, shamba la mihogo na viazi. Kikamba nacho kikiachwa kinarudi kuwa rweya.

Kwa hiyo atakayeisimulia historia ya kibanja ni lazima ajiulize katika kila zama: nini kiliingia humu, nini kilitoka, na nani alikibeba?

Chuma, migomba na ng'ombe: kabla ya 1890

Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Maruku, wazee walikuwa wakiutunza mti ulioitwa Kaiija na kusimulia kwamba hapo mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wafua chuma wamjengee mnara wa kufika mbinguni. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo, akachimba, na akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Chuma kinahitaji makaa, na makaa yanahitaji msitu. Hivyo mengi ya manyasi tunayoyaona leo yameota pale ambapo misitu ilikatwa kwa ajili ya tanuri na mashamba. Napenda tulikumbuke hilo kila tunaposema rweya ni pori la asili.

Juu ya milima hiyo iliyovuliwa miti ndipo migomba ilipoenezwa, wakati na mahali pengine pa Maziwa Makuu, Buganda, Ankole, Rwanda na Burundi, palipokuwa pakijengwa kwa migomba ya jamii hiyo hiyo. Mgomba una sifa ambayo mtama hauna: ukitunzwa, unaendelea kutoa machipukizi palepale, mama, mtoto na mjukuu kwenye shina moja. Mtu hana haja ya kuhama kila baada ya misimu kadhaa. Anaweza kubaki, akazika wazee wake kando ya nyumba, na makaburi yakawa ndiyo ushahidi wake wa umiliki. Ila kubaki mahali pamoja kuna gharama, na gharama hiyo ililipwa na ng'ombe.

Nyumba ya zamani, mushonge, ilikuwa ya duara, nyasi zake zikishuka kutoka kileleni hadi chini. Mchana ng'ombe walichunga rweyani, jioni walirudishwa, na mara nyingi walilala ndani ya mushonge pamoja na wenye nyumba. Zile nyasi walizozila huko nje zikawa samadi ndani ya kibanja. Nyasi nyingine zilikatwa kwa mkono na kutandazwa chini ya migomba. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na makapi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vyote vilikwenda kwenye shina. Wanawake walikuwa pia na vishamba vya muda huko rweyani, ambako waliparua nyasi, wakazichoma katika marundo na kupanda njugu mawe. Baada ya msimu kishamba kiliachwa kipumzike kwa miaka. Kwa maneno mengine, rweya ilikuwa ghala ambalo familia ililihamishia ndani ya uzio wake kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa juu ya vichwa vya wanawake.

Kahawa ilikuwepo pia, lakini haikuwa zao la biashara kama tunavyoijua. Ilikuwa robusta, na ilichumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, kisha ikatafunwa. Mgeni akifika alipewa punje chache kwenye kikapu kidogo kilichosukwa kwa ustadi, na mpaka leo katika nyumba nyingi hiyo ndiyo karibu ya kwanza. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizokumbatiana. Wawili waliotaka undugu wa damu, omukago, waligawana punje hizo zikiwa na tone la damu ya kila mmoja. Upandaji wenyewe uliangaliwa na wafalme, Bakama, na mtu wa kawaida hakujipandia mibuni alivyotaka.

Ardhi nayo ilikuwa mikononi mwa Bakama hao, wa Kiziba, Ihangiro, Kianja, Kyamutwara, Bugabo, Missenyi na Karagwe. Mukama aliweza kumpa ndugu yake au mtumishi wake eneo lenye vibanja ambavyo tayari vina watu. Siku hiyo watu hao waliamka wakiwa batwarwa, wapangaji kwenye udongo walioujaza wenyewe. Mpango huo uliitwa nyarubanja. Mpangaji alitoa sehemu ya mavuno, pombe na siku za kazi, na akikosana na bwana wake aliweza kufukuzwa. Baba wa babu yangu aliishi hivyo.

Sotoka, ngome na kodi: 1890 hadi 1916

Mambo mawili yalifika karibu pamoja. Mwezi wa Novemba 1890 Emin Pasha, akiwa pamoja na Franz Stuhlmann, alifungua kituo cha Wajerumani ufukweni, na hapo ndipo mji wa Bukoba ulipoanzia. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki nzima. Vitabu vya shule hukaa sana kwenye jambo la kwanza. Mimi naona la pili lilimgusa mkulima mapema zaidi. Ng'ombe akifa, siku ile familia inapoteza maziwa na mahari. Hasara ya samadi haionekani siku ile. Inakuja miaka mitano au kumi baadaye, mkungu unapotoka na chane chache kuliko ule uliotangulia, na mtu anaanza kujiuliza ni nani aliyemroga.

Wajerumani walitawala kupitia Bakama, na waliokubaliana nao mapema, kama Kahigi wa Kianja, walipanuka kwa gharama ya majirani zao. Kisha ikaja kodi. Kodi ilitaka fedha taslimu, na kwenye kibanja cha ndizi na maharage kitu pekee ambacho mfanyabiashara wa mbali angekinunua ni ile kahawa ya kutafuna. Amri za zamani juu ya mibuni zikalegea. Wamisionari wa White Fathers, waliofika Kashozi mwaka 1892, walikuja pia kuleta arabika. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, gunia lililopakiwa Bukoba liliweza kuvuka ziwa kwa meli, kupanda treni na kufika Mombasa. Ziwa ambalo kwa babu zetu lilikuwa Rweru, makao ya mungu Mugasha, mwenye dhoruba, likawa barabara ya mzigo.

Nadhani hapa ndipo kibanja kilipogeuka hasa. Kwa karne nyingi vitu vilivyoingia vilikuwa vingi kuliko vilivyotoka. Ndizi zililiwa palepale na maganda yalirudi shinani. Kahawa iliyokwenda Ulaya haikurudisha kitu shinani.

Bati na karo: 1916 hadi 1945

Waingereza waliuvamia mji wa Bukoba mwezi wa Juni 1915, wakarudi mwaka uliofuata wakabaki. Walihimiza kahawa kwa nguvu zaidi ya Wajerumani, na katika miaka ya 1920 bei iliwafuata wakulima badala ya wakulima kuifuata bei. Mibuni ilipandwa chini ya migomba, kivuli kimoja, samadi moja. Nyumba za mushonge zilianza kutoa nafasi kwa nyumba za pembe nne zenye bati. Watoto wakaenda shule kwa karo iliyotoka kwenye gunia. Sifa ya Wahaya ya kupenda elimu, ambayo Watanzania wengine hututania kwayo, ina mizizi kwenye mibuni ile.

Kahawa ilipopata thamani, ardhi nayo ikapata thamani, na waliokuwa karibu na ikulu za Bakama wakagundua ghafla kwamba vibanja vingi "vilikuwa" nyarubanja tangu zamani. Serikali ya Kiingereza iliona dhuluma hiyo, ikazuia mashamba mapya ya namna hiyo, lakini yaliyokuwepo iliyaacha. Mtwarwa akawa anapanda mbuni wa kudumu kwenye ardhi isiyo yake.

Malalamiko yalipata wasemaji. Mwaka 1924 ilianzishwa Bukoba Bahaya Union, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Klemens Kiiza, ambaye baadaye alijenga mtambo wa kukoboa kahawa na kuwaunganisha wakulima wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1937 serikali ilipoleta kanuni za kulazimisha namna ya kutunza mibuni, watu walikataa, mikutano ikafanyika, na pakawa na vurugu na kukamatwa. Wakaguzi walisema wanalinda ubora wa kahawa. Mkulima aliona mgeni anaingia kwenye uzio wenye makaburi ya babu zake na kumwonyesha mti wa kung'oa. Huwezi kuielewa ile hasira kama hujui udongo ule ulitoka wapi.

Fedha ya kahawa ilikuja na ugonjwa wake, uitwao butura. Mwenye shida, labda ya karo au ya matibabu, huuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika ni ya mwenye fedha. Utawala umebadilika mara ngapi tangu hapo, na butura bado ipo.

Niseme pia habari za mabinti. Kwa mila ya Kihaya kibanja cha ukoo kiligawiwa wana wa kiume, na fungu kubwa lilikuwa la musika, mrithi mkuu. Binti aliolewa akaenda kubebea samadi kibanja cha ukoo mwingine, na ndoa ikivunjika alirudi akiwa mgeni nyumbani kwao. Tangu miaka ya 1930 wanawake wengi wa Bukoba walikwenda Kampala, Nairobi na miji mingine kutafuta fedha, na maisha yao huko yalisemwa vibaya sana. Kinachosahauliwa ni kwamba wengi walirudi wakanunua vibanja kwa fedha zao wenyewe, na mara nyingine wakawasomesha watoto wa kaka zao. Kibanja cha kununua hakikuwa cha ukoo, kwa hiyo hakuna baba mdogo wala kaka aliyeweza kukidai. Kwa wakati wao hakukuwa na mlango mwingine wa mwanamke kumiliki udongo aliouhangaikia, na sisi tuliozaliwa baadaye wanatudai heshima.

Fukusi: miaka ya 1950

Bukoba Native Co-operative Union ilianzishwa mwaka 1950, na bei nzuri za miaka hiyo zilijaza vijiji baiskeli, nguo na matofali. Chini ya migomba, hata hivyo, kulikuwa na mdudu. Fukusi wa migomba hutaga kwenye shina karibu na ardhi, na kiluwiluwi chake hutoboa tunguu la mgomba mpaka linabaki kama sifongo. Mgomba wenye afya humvumilia. Mgomba wenye njaa huanguka, na migomba yetu ilikuwa na njaa baada ya miaka hamsini ya kusafirisha kahawa na ng'ombe wachache.

Serikali ikatoa kanuni za kupambana na fukusi: kung'oa, kukatakata, kusafisha, na faini kwa asiyetii. Tena wakaguzi wakaingia vibanjani. Ali Migeyo, mwanasiasa ambaye Bukoba haitamsahau, alisimama kuwatetea wakulima, na mkutano wake wa Kamachumu ulivunjwa na polisi kwa mabomu ya machozi. Wazee wengi waliingia katika siasa za uhuru kupitia mgomba, kabla hawajaisikia vizuri TANU.

Uhuru na kufungwa kwa rweya: 1961 hadi 1977

Sheria ya mwaka 1965 na nyingine ya 1968 zilimaliza nyarubanja, na waliokuwa batwarwa wakawa wenye vibanja vyao. Babu alikuwa mtu wa maneno machache. Mambo mawili ya serikali ndiyo aliyoyasimulia kwa furaha, na hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa shule.

Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliyohamisha mamilioni ya Watanzania haikutuhamisha sana. Mgomba wa kudumu na kaburi havihamishiki. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kahawa ikauzwa kupitia mamlaka ya serikali. Bei ya dunia ilipopaa baada ya baridi kali ya Brazili ya mwaka 1975, mkulima hakuona sehemu kubwa ya bei hiyo, na magendo ya kuvuka mpaka wa Uganda yakawa kazi ya usiku.

Badiliko kubwa la miaka hiyo lilipita kimya kimya. Rweya ilianza kuisha. Sehemu ilipandwa mikaratusi na misonobari, sehemu ikawa chai, sehemu ikagawanywa kwa vijana waliokosa vibanja. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Lakini ghala lile la nyasi lilipofungwa, familia isiyo na rweya ilibidi inunue tita la nyasi kwa fedha ya kahawa. Asiye na fedha alitandaza majani ya migomba yake mwenyewe, yaani alikilisha kibanja kile kilichotoka humo humo.

Vita, na Juliana: 1978 hadi miaka ya 1990

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Raia waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya ng'ombe waliswagwa kwenda Uganda. Waliokimbia walipokelewa kwenye vibanja vya kusini, familia mbili tatu chini ya bati moja, wakila ndizi za mwenyeji mpaka majeshi yetu yalipowarudisha wavamizi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ng'ombe wengi hawakurudi.

Biashara ya mpakani ikachangamka baada ya vita. Kulikuwa na nguo zilizoletwa kutoka Uganda zilizoitwa Juliana, na vijana wa biashara walipoanza kukonda na kufa, watu waliuita ugonjwa ule kwa jina la nguo zile. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24 ya watu wazima wa Bukoba mjini wakiwa na virusi.

Nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka ni sauti. Asubuhi ulisikia majembe, lakini hayakuwa ya kulima. Yalikuwa ya kuchimba kaburi kibanjani kwa fulani, na mila ilitaka majirani waache kazi zao mpaka maziko yaishe. Wiki ikiwa na maziko matatu, hakuna anayekata nyasi wiki hiyo. Baba mkubwa, musika wa babu, alizikwa nyuma ya nyumba karibu na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Kabla yake alizikwa baba mdogo. Ndani ya miaka michache kibanja kilichokuwa na wanaume watatu wa kukilisha kilibaki na bibi, mjane mmoja na watoto saba.

Ukitembea vijijini miaka ile uliyaona yote kwenye migomba. Kibanja cha nyumba yenye mgonjwa kilikuwa na machipukizi mengi mno kwenye shina moja, kwa sababu hakuna aliyeyapunguza. Majani makavu yalining'inia, magugu yalifika kiunoni. Halafu kaya ikifungwa kabisa, mulamula peke yake ndiyo ilibaki imesimama ikilinda mpaka wa watu wasiokuwepo. Kwa yatima waliobaki, ardhi ilikuwepo lakini ujuzi ulikuwa umezikwa: chipukizi gani la kuacha, samadi iwekwe umbali gani na shina. Ujuzi huo haukuandikwa popote.

Shangazi alirudi. Aliacha mji wake, akaomba mbele ya kikao cha ukoo ruhusa ya kuwalea watoto na kukitunza kibanja, akaruhusiwa kukitunza. Kukimiliki halikuwa neno la kutajwa.

Kesi ya kibanja cha baba: 1990

Wakati huo huo, kwenye Mahakama Kuu ya Mwanza, lilifika shauri ambalo wanasheria wanalijua kama Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alirithi kibanja cha ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, alikiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kusema mwanamke hana ruhusa hiyo, na sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 ilikuwa upande wake: mwanamke aliruhusiwa kutumia ardhi ya ukoo, siyo kuiuza.

Mwezi wa Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Katiba, ambayo tangu 1984 ilikuwa na sura ya haki za binadamu, na kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaja kuimarisha haki ya mwanamke ya kumiliki. Vikao vya ukoo havikubadilika siku moja, na hata sasa binti anayedai kibanja hutazamwa kama mtu anayetaka kuuza mifupa ya babu yake. Lakini safari hii kulikuwa na karatasi ya kuonyesha. Kwetu watoto walipokuwa wakubwa, hati ya kimila iliandikwa jina la binti wa kwanza wa baba mkubwa, dada yangu, yeye ambaye tangu akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa nyuma ya shangazi na kikapu. Wazee wawili walikataa kuweka saini. Wanne waliweka.

Mnyauko mara mbili

Biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, na mara ukafuata ugonjwa. Mwaka 1997 mnyauko wa kahawa ulitambuliwa Kagera. Mbuni wa robusta wenye umri wa miaka sitini unakauka upande mmoja, kisha wote, na ukipandwa mwingine palepale nao unakufa. Kituo cha utafiti cha kahawa cha Maruku kilichagua robusta zinazostahimili, na miche yake inaendelea kusambazwa.

Karibu mwaka 2006 ukaja mnyauko wa migomba. Ukikata shina la mgomba ulioambukizwa, unatoka ute wa manjano. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ndani zina rangi ya kutu. Wadudu huubeba kwenye ua dume, na watu huubeba kwa panga. Dawa hakuna. Kilichobaki ni nidhamu: kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kupitisha panga kwenye moto kutoka shina hadi shina, kung'oa na kuzika palipougua. Jambo la kusikitisha ni kwamba desturi yetu nzuri ya kupeana machipukizi, jirani kwa jirani na mama kwa binti aliyeolewa, ndiyo iliyoweza kuupeleka ugonjwa mbali.

Dada alipoteza robo ya migomba yake. Alipumzisha sehemu ile, akapanda maharage na viazi, akasubiri. Kisha akaingia kwenye mpango wa kukopeshwa mtamba, ambao sharti lake ni kwamba ndama jike wa kwanza anapewa familia inayofuata kwenye orodha. Ng'ombe huyo hachungwi, kwa maana hakuna tena pa kuchungia. Anasimama bandani nyuma ya nyumba na kuletewa majani.

Nilikwenda mwezi wa Novemba, senene wakiwa wameanza kuanguka na watoto wakikimbiza kila taa. Alfajiri nilimkuta dada ameshazoa banda. Samadi huiacha kwanza ioze chini ya majani ya migomba, halafu huibeba kwa ndoo, anachimba kijifereji umbali wa hatua moja kutoka shinani, anamimina na kufunika nyasi. Ndama wa kwanza alikuwa jike na tayari yuko kwa jirani wa tatu, kibanja kilichokuwa kimefungwa tangu tukiwa wadogo. Nilijitwisha ndoo ya pili, nikamuuliza tuanzie wapi. Alielekeza kwa kidevu upande wa mulamula, ambako wekundu wa rweya umeingia ndani ya uzio kama hatua mbili.